Stesheni ya Katoni

Nyinyi mlio na ndoa, hebu niambieni kitu.

Ile stesheni ndogo ya treni niliyokuwa naiunda kwa katoni kwenye meza ya chakula, leo nimeimaliza!

Muda wote huo madirisha yalikuwa yamefungwa, vumbi lisishike gundi. (Na joto la Voi mnalijua.) Mke wangu, Mama Mghoi, akawa anakulia nje, mlango wa nyuma. Hakuwahi kulalamika, nami nikaona tuko sawa.

Leo nikapangusa meza, nikafungua madirisha, nikamwita tule pamoja.

"Wewe kula tu, Baba Mghoi. Mimi nishazoea huku."

Basi nikabeba sahani yangu, nikamfuata.

Huko nyuma kuna stuli moja tu.

Nimekula nimesimama.