Ulimi Kwenye Mrija

Sostenes wa Rulenge hakuwahi kumdhuru mtu. Nalitanguliza hilo mapema, kwa sababu ukiwauliza wa huko leo watasita kidogo kabla ya kukujibu. Alikuwa akitengeneza pombe ya ndizi, kazi aliyorithi kwa mama yake: kuivisha ndizi shimoni, kuzikamua kwa nyasi, kutia mtama uliokaangwa, kisha kungoja. Mkewe alifariki binti yao Priscila akiwa darasa la pili, naye akamlea peke yake kwa kazi hiyohiyo hadi akawa mwalimu wa chekechea.

Kule, mwenye pombe huonja kwanza. Huinua kibuyu, hunyonya mrija mbele yako, humeza, ndipo anakukabidhi. Hakuna anayetamka neno sumu; ni adabu tu, kama kuamkiana. Na Sostenes alijua kuonja. Alivuta funda kubwa, koo likapanda na kushuka, akasema karibuni, na kila aliyekuwepo akasikia kiu. Harusi nyingi za Ngara zilifunguliwa na koo lile.

Kilichomponza ni kipaji. Kila Ijumaa Kuu, kwenye igizo la parokia, alipewa nafasi ya shahidi wa uongo, na aliicheza mpaka akina mama wakamzomea. Jumapili ya Pasaka haohao walikuwa kwake wanakunywa. Hapo ndipo alipoonwa na Derick, kijana mpiga picha wa harusi aliyekuwa anatengeneza filamu yake ya kwanza. Ilimhusu Nyakimira, kiumbe wa kwenye mafunjo ya mto, aliyekuwa binadamu mwema hadi alipolamba asali ya mizimu. Tangu hapo, ili apate tone jingine, akawa anawauza wasafiri waliomwamini. Sostenes alikubali siku hiyohiyo. Mtu wa miaka hamsini na minne hasifiwi kila siku, acheni avimbe kichwa kidogo.

Wakampaka masizi na majivu, wakambandika vipande vya mpira shingoni. Kulikuwa na sehemu ambayo Nyakimira anawakaribisha wasafiri wawili kibuyu chenye sumu. Derick alikuwa ameandika kwamba wanapokea na kunywa. Sostenes akakataa katakata. Hakuna msafiri mwenye akili, alisema, anayekunywa kabla ya mwenyeji kuonja. Derick akamuuliza wafanyeje sasa. Yule mzee akafikiri, na dawa akaipata mwenyewe. Kiumbe atie mrija mdomoni, azibe tundu kwa ulimi, abonyeze mashavu, achezeshe koo kama anayemeza, halafu atabasamu. Akawaonyesha. Aliyeshika kamera alisema mwili umemsisimka. Sostenes alifurahi. Maskini, alifurahi sana.

Filamu ikazunguka mabanda ya video, kuanzia Rusumo kwa madereva wa malori wanaosubiri forodha hadi Biharamulo mjini. Ndani yake kulikuwa na mahali ambapo Nyakimira analia akijaribu kukumbuka jina alilopewa na mama yake, na Sostenes aliona hapo ndipo alipofanya kazi kuliko kwingine kote. Sehemu hiyo hakuna aliyemtumia mwenzake. Kilichosambaa kwenye simu ni sekunde ishirini za kibuyu: mashavu, koo, tabasamu.

Mwanzoni watu walicheka. Sokoni wakamwita Nyakimira, naye akawaitikia kwa tabasamu, na hilo nalo lilikuwa kosa, maana tabasamu lilikuwa lilelile. Baadaye wanywaji wakamwomba aonje mara mbili. Kisha wakamwomba, kwa utani, afunue mdomo waone ulimi, naye kwa utani akafunua. Mwezi wa nane mzee mmoja akaugua tumbo baada ya kunywa kwenye kilabu kingine kabisa, na bado waliokuja kwa Sostenes wiki ile walihesabika kwa vidole. Hilo angelivumilia. Alilolihofia ni posa ya Priscila.

Mchumba aliitwa Danstan, mkulima wa Bisibo, kijana mtulivu. Wazee wake wangekuja Jumamosi, wakiongozwa na baba yake mkubwa, mzee Emilian. Pombe ya baba wa binti ndiyo inayofungua mazungumzo. Isiponyweka, hakuna posa. Dada yake Sostenes alimshauri achukue pombe ya jirani na jirani huyohuyo aionje. Alikataa. Alitaka kumtoa mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, na mimi simlaumu.

Wageni wakafika, wakaamkiana, wakaketi. Sostenes akanyonya, akameza, akampa mzee Emilian kibuyu kwa mikono miwili. Emilian alikipokea kwa heshima zote, asikinywe.

"Mzee mwenzangu, usinielewe vibaya," alisema. "Sisi nasi tuna simu."

Sostenes akaonja tena. Akafunua mdomo mbele ya wakwe, mtu mzima, kama mtoto aliyeshikwa akiiba sukari. Mmoja wa wageni akanong'ona kwamba hata kule kwenye filamu koo lilicheza. Danstan alitazama viatu vyake.

Ndipo Priscila akatoka chumbani, ambako alipaswa kukaa hadi aitwe. Akachukua kibuyu mikononi mwa Emilian, akanyonya mrija kwa muda mrefu, akakirudisha. Hakuna aliyekunywa baada yake. Walikaa wakimtazama yeye, kwa upole, kama watu wanaosubiri matokeo. Walipochoka kusubiri, Emilian akasema safari ni ndefu, wangeenda kushauriana nyumbani na kurudi. Hawakurudi. Kabla ya Krismasi Danstan alikuwa ameoa kwingine.

Jioni ya siku ile ya posa, baba na binti walikuwa uani wakiosha vyombo. Sostenes alikuwa amevunjika moyo, lakini kitu kimoja kilimshikilia, akakisema.

"Angalau wewe, mwanangu, uliniamini."

Priscila hajui kudanganya, hakumrithi baba yake kwa hilo la jukwaani. Aliendelea kusugua kibuyu.

"Nilijua wanakuonea, baba," alisema. "Lakini nilipokuwa nakunywa, nilikuwa nasali nisife."

Sostenes akaitikia kwa kichwa. Alitaka kumuuliza alianza lini kumwogopa, akaona jibu halitamsaidia kitu. Pombe yote akaimwaga migombani, na hajakamua ndizi tena. Wanaishi pamoja mpaka leo. Asubuhi baba ndiye anayechemsha chai, kisha hutoka nje na kukaa huko hadi binti amalize kujimiminia, ili asimwone akisita.