Leso Katikati ya Kamba

Leo kwenye foleni ya Murabba, hapa Riyadh, lori moja lilichoma klachi, harufu ikatapakaa, na madereva wote wakapandisha vioo. Mimi nilishusha changu.

Baba alikuwa dereva wa mzee mmoja wa Jeddah, mwenye gari kuukuu la michezo la Kimarekani. Hata kuliegemea, mzee alitukataza. Siku ya kuhamia Riyadh alitangulia nalo, sisi tukafuata na pikapu ya mizigo. Jangwani, jua likiwa utosini, pikapu ikazima. Maji yalikuwa yamekwisha.

Mzee akarudi alipoona hatumfuati. Gari lake lilikuwa na viti viwili tu.

“Mchukue mama na mtoto mchanga, bosi,” baba alisema. “Sisi tutangoja.”

Mzee alinitazama nilivyong'ang'ania mguu wa baba, midomo imenikauka.

“Halas, yatosha. Funga kamba.”

“Hili halikuundwa kuvuta, bosi. Litaungua klachi.”

“Funga.”

Mama alifunga leso yake katikati ya kamba ili malori yaione. Tukavutwa polepole, ile harufu ikitupiga usoni, hadi kituo cha mafuta. Pale gari la mzee likazima kabisa, likitoa moshi. Hakuligeukia. Alikuja kuchungulia dirishani kwetu.

“Mko wote?”

“Tuko wote, bosi.”