Siku Tano za Amonia

Fundi wa bunduki katika klabu ile ya kulenga shabaha aliitwa Mzee Pua, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Dawa zake zote za kusafishia mtutu alizimimina katika chupa za aina moja zisizo na lebo, akawa anazitambua kwa kunusa: hii ya kuyeyusha masizi ya baruti, hii yenye amonia ya kuondoa shaba inayoachwa na risasi, na hii mafuta ya kulinda chuma. Lebo, alisema, ni za wanaoanza kazi. Watu wakacheka, naye kichwa kikavimba.

Miaka ishirini ya kuvuta mivuke hiyo haikumwacha salama. Pua ikafa kabisa, asisikie hata harufu ya sufuria inayoungua mbele yake. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, na kila mtu alishamzoea kwa jina lile?

Binti yake, aliyemlea peke yake tangu mama mtu afariki, alikuwa mlengaji hodari. Jumamosi ile alikuwa anachaguliwa mmoja wa kuingia timu ya taifa, na umri ulikuwa umeanza kumtupa mkono. Akikosa safari hii, basi tena.

Baba akauandaa mwenyewe mtutu wa bunduki ya binti siku ya Jumatatu. Dawa ya amonia hukaa robo saa tu, kisha hufutwa, maana ikilala humo huanza kula chuma chenyewe. Akaitumia, akaifuta vizuri, halafu akachukua chupa aliyodhani ni ya mafuta, akaupaka ili amalizie. Macho yakamwasha kidogo, akalaumu vumbi. Akaifungia bunduki kabatini.

Asubuhi ya mashindano akapitisha kitambaa kikavu ili atoe mafuta. Kikatoka na rangi ya bluu na chembe za kutu. Akauelekeza mtutu dirishani, akachungulia. Ndani kote palikuwa na vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Akajua kuwa chupa ya mwisho ya Jumatatu haikuwa ya mafuta, ilikuwa ileile ya amonia.

Binti alikuwa mlangoni, keshavaa, akauliza kama imekuwa tayari. Bunduki nyingine ya kumfaa haikuwepo.

"Tayari, mama," baba akasema, akampa.

Risasi zikaenda zilikotaka. Binti akashika mkia. Baadaye akaja karakanani, akailaza bunduki mezani, na machozi hayakumtoka, jambo lililomuumiza baba zaidi.

"Baba, usinifiche. Mikono yangu ndiyo imekwisha, siyo?"

Jibu lilikuwa mdomoni, maneno mawili matatu tu. Aibu ikamzuia, aibu ya mzee mzima anayeona heshima yake ni kubwa kuliko mtoto wake.

"Umejitahidi, mama," akasema. "Kapumzike."

Binti akamwamini, kama alivyomwamini siku zote. Tangu siku hiyo hajagusa bunduki, na akimwaga chai kidogo tu hutazama vidole vyake, akaviomba radhi, wageni wakimsikia.