Bukta Isiyo na Tope

Jezi za timu nafua mimi, kila Jumatatu, kwa mabeseni mawili hapa uani. Ukifua nguo za watu miaka mingi, huhitaji kusimuliwa mechi ilikwendaje. Mabeki huchafuka makalioni kwa kuteleza. Washambuliaji huleta tope la magotini na chokaa ya mistari ya golini. Bukta iliyokuwa ikinisumbua ni ya namba nane, kwa sababu haikuwa na kitu. Jasho tu. Na namba nane ni mwanangu.

Mpira anaujua, hilo hata wasiotupenda wanakubali. Ni kiungo wa miaka kumi na tisa, anapokea mpira katikati ya watu watatu kama anayepokea kikombe kilichojaa, na haumwagiki. Lakini akishaupata, anageuka anampa beki. Uwanja mzima unamwita Rivasi. "Rivasi, mbele pako wazi, baba. Au gia zimekatika?"

Aliyezikata ni mimi.

Nilifua kwenye nyumba moja ya wageni miaka kumi na miwili. Mashuka yakawa yanapotea, na sote tulijua msimamizi ndiye anayeyapitisha mlango wa nyuma. Tukakubaliana wanne twende kwa mwenye nyumba. Nilipofungua mdomo, wenzangu watatu wakawa wanaangalia sakafu. Siku hiyo hiyo mwizi nikawa mimi. Mmoja wao, shoga yangu wa kula sahani moja, akapewa nafasi yangu beseni langu halijakauka. Sijamsamehe, na sisemi kwamba nitamsamehe.

Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Nikamlea kwa neno moja: usitangulie. Darasani usiwe wa kwanza kunyoosha mkono. Uwanjani, mpira ukija, mpe mwenzio, lawama zimfuate yeye. Nilikuwa nikisimama nyuma ya goli, na kila alipopanda na mpira nilimwonyesha kiganja, kama mtu anayesimamisha gari. Anarudi. Mwishowe akazoea kunitazama kwanza, ndipo aamue.

Mwaka huu kocha alikuja uani nikiwa nasuuza. Jumamosi alikuwa anakuja mtu wa timu kubwa kutafuta vijana.

"Mama, miguu anayo," akasema. "Shida yake moja, hapandi. Kiungo asiyeingia boksi, asiyepiga golini, yule jamaa hatamtazama mara mbili."

"Kwani ninayecheza ni mimi?"

"Jumamosi usije."

Nikacheka. "Yaani kufua nifue, kutazama nisitazame?"

"Mechi moja tu, mama. Akikuona anashika breki."

Mwanangu alikuwa mlangoni, anasikia yote. Nikamuuliza, wewe unataka nije au nisije? Akainama akachezea kamba za kiatu. "Nikirudi nitakusimulia," akasema.

Nikarudi kusuuza. Nilishafukuzwa mlango mmoja, na sasa nafungiwa mwingine na niliyemzaa.

Jumamosi nilibaki nyumbani hadi mapumziko. Jirani yangu muuza maji akapita na mkokoteni wake, anacheka peke yake. "Mama Rivasi, mwanao leo kapata gia. Kafunga moja, ya pili imegonga mwamba. Na wewe umekaa unaanika soksi?"

Nikaacha soksi. Nilitaka kumwona mara moja tu, kama wanavyomwona wengine. Nilijiambia nitasimama nyuma ya goli letu, niwe mgongoni mwake, asinione. Lakini nilikwenda kwenye goli ambalo timu yetu huanza kulilinda siku zote, na baada ya mapumziko timu hubadilishana upande, hilo ndilo analolishambulia yeye. Hilo nalijua tangu mtoto ana miaka tisa. Labda nilisahau, labda miguu ilijua inakonipeleka.

Akaupata mpira katikati. Akampita mmoja, akampita wa pili, akaingia boksi. Kipa alishatoka golini. Mwanangu akainua macho aone pa kupiga, macho yakanikuta mimi.

Sikunyoosha mkono. Mikono yote miwili nilikuwa nimeibana kwapani. Akasimama, akageuka, akampa beki. Watu wakacheka hadi wengine wakashikana mabega. Yule mtu wa timu kubwa alikuwa ameshasimama kitini pake; akakaa tena. Aliyeondoka naye ni winga wetu wa kushoto.

Nyumbani mwanangu alivua jezi akaitia mwenyewe kwenye beseni.

"Sikukuonyesha mkono," nikamwambia.

"Najua, mama. Nilikuwa nausubiri."

Hajawahi kunilaumu. Angenilaumu ningejua pa kuanzia kujitetea.

Jezi bado wananiletea. Uwanjani siendi tena, huu ni mwezi wa tano tangu siku ile. Jumatatu naanza na bukta yake, naigeuza nje ndani, na haina kitu. Muuza maji ananiambia kijana siku hizi anapanda na mpira vizuri tu, hadi pale mstari wa boksi. Akifika hapo anainua macho, anatazama nyuma ya goli, mahali ambapo hapana mtu.