Wimbo Alioingia Nao Tantine Neema

Enzi zetu, wimbo ulikuwa wa gari zima. Hakuna aliyekuwa na wa kwake. Baba akishaweka CD kwenye ile van yetu ya kijivu, basi wote tuliomo, hata mtoto aliyelala, tunasikiliza kitu kimoja kutoka Louisville mpaka tunakokwenda. Najua nina miaka kumi na sita tu, na mtacheka nikisema enzi zetu. Lakini ninyi mlioshuka Amerika wakati mmoja na sisi, mkapewa makoti ya watu wakubwa na mkalishwa pizza ya shuleni mkidhani ni chapati iliyoharibika, mnajua ninachosema. Mdogo wangu Josué hajui. Yeye ana vile vitu vyake vya masikioni, na ukimwita kula unaita mpaka jirani ndiye anaitika.

Albamu ninayoikumbuka ilitoka kwa Papa Den. Alikuwa mzungu wa umri wa babu, anafanya kazi na Baba kwenye depo ya mizigo, na ile baridi yetu ya kwanza ndiye aliyempitia Baba kila asubuhi kwa gari lake kabla hatujapata letu. Wikendi alikuwa anapiga fidla kwenye bendi ya muziki wa kienyeji wa Ayalandi na Uskoti, ule wanaouita Keltiki. Fidla, filimbi ya bati, akordeoni, na ngoma bapa inayopigwa kwa kijiti. Walipotoa albamu mpya alimpa Baba moja, akamwomba jambo moja tu: amletee habari, watu wa nyumbani wanaionaje.

Bon, watu wa nyumbani waliona mengi. Mama alisema hao ni kuku wameona mwewe. Alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, na baada ya kusema hivyo mchi wake ukaanza kwenda mbio na wimbo, mwenyewe hakujua. Josué, bado mdogo sana, alizunguka meza mpaka kizunguzungu kikamwangusha. Sisi wasichana tuliuchezea kange kule parking, ule mchezo wetu wa kupiga makofi na kurusha miguu. Ulikuwa wimbo wa haraka mno, viatu vilikuwa vinaturuka miguuni, vinaingia chini ya magari ya watu, na mikono yote inanuka oili. Kila Jumatatu Papa Den aliuliza, na Baba, ambaye Kiingereza chake bado kilikuwa cha maneno machache, alimjibu "very good", akaongeza na dole gumba ili asiwe na shaka.

Pasaka ile Tantine Neema alikuja kututembelea kutoka Kenmore, kando ya Buffalo. Ni mdogo wake Baba, na alikuwa amechumbiwa na Kevin, Mkenya aliyekuwa anasoma chuo kikuu Columbus. Aliusikia wimbo mmoja wa albamu ile akiwa jikoni, akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akasema huu ndio nitaingia nao.

Kwetu bibi arusi haingii ukumbini kama mtu anayeingia benki. Anaingia akicheza na msafara wake, hatua mbili mbele, moja nyuma, na watu wamngoje hata kama fufu inapoa. Mtu aliyefurahi anatoka kwenye kiti chake, anaenda kumfuta jasho kwa kitambaa. Na macho yote yanaangalia nani amemfuta na nani amekaa.

Aliyekuwa anaangaliwa zaidi ni mama yake Kevin. Tulimwita Mama Kevin, na alikuwa ametoka Kenya kwa ajili ya harusi hiyo. Kwenye simu alikuwa ameshauliza maswali mazito. Huyu msichana wa kambi ya wakimbizi, kwao ni wapi hasa? Wazazi wake wote wamekufa, sasa yeye akae chini azungumze na nani? Tantine alicheka alipotusimulia, lakini cheko lilikatika njiani. Akamwambia Mama, "Uyu mama akinifuta jasho, donc nimeolewa. Asiponifuta, hata pete ni ya bure."

Mimi ndiye nilikuwa mkalimani wa nyumba, na haya zangu zote. Barua za shule, daktari wa Josué, watu wa umeme, yote yalipita mdomoni mwangu. "Espe, anasema nini?" Hilo ndilo lilikuwa jina langu refu. Lakini albamu ya Papa Den hakuna aliyeniuliza, kwa sababu mwimbaji alikuwa anamwaga maneno kama mchele, na wote tulidhani ni sehemu ya ala.

Siku tunaenda harusini Kenmore ndiyo nilisikia. Tulikuwa tumeshapita Cincinnati, van inanuka mikate ya mafuta na ndakala, wale dagaa wa kwetu, waliokaangwa, Baba anagonga sakafu kwa mguu, amerudia wimbo ule mpaka Mama amesinzia. Ghafla maneno yakaniingia moja moja. Msichana amevaa nyeupe. Amesimama ufukweni, anamngoja bwana arusi. Na bwana arusi amezama, maji yamerudisha kofia tu. Halafu hapohapo kwenye kofia ndipo fidla inaruka juu na watu wanapiga kelele za furaha. Nilikaa nimekodoa macho. Nilijiuliza kama ni mimi nimekosea, au ni wao, au kama huko kwao mtu akizama watu wanashangilia.

Tuliposimama kujaza mafuta nikamwambia Baba. Nilimweleza polepole, nikamwambia pia kwamba Mama Kevin alikuwa mwalimu, Kiingereza anakijua. Baba aliangalia tairi, akaangalia mbingu. Tantine alikuwa ameshatutumia video za mazoezi, msafara mzima umeshika hatua, kubadilisha haiwezekani tena. Halafu akaniangalia akaanza kucheka.

"Espe," akasema, "miguu haisikiake Kingereza."

Columbus tulimchukua Mama Kevin kwenye mtaa wa wanafunzi, kwenye nyumba ya matofali yenye baiskeli nyingi mlangoni. Kevin alikuwa ametangulia Buffalo. Baba akazima muziki kwa heshima, mama mkwe hapigiwi kelele. Mama Kevin alikaa mbele na mkoba wake magotini, ameushika kwa mikono miwili, na aliushika hivyo njia nzima. Mama alijitahidi kumwelezea mambo ya kwetu, msafara, kucheza, kitambaa cha jasho. Yeye akajibu, "Ahaa, okay," akarudi kuangalia mashamba.

Ukumbi wa kanisa kule Kenmore ulikuwa na baridi. Niliwekwa meza ya mbele karibu na Mama Kevin, ili nimsaidie na Kiswahili chetu, ambacho alisema ni kama chake kilichomwagiwa maji. Milango ikafunguliwa. Fidla ya Papa Den ikaanza kwenye spika.

Wimbo ulikuwa na haraka kuliko mazoezi, au ni miguu iliyojaa woga. Msafara karibu ukimbie. Vijana wa suti walikuwa wanaruka kama wamekanyaga siafu, mashangazi wakapiga vigelegele juu ya filimbi ya bati, Baba mwenyewe akasahau kwamba ni mtu mzima. Na katikati Tantine Neema, jasho linamtoka kwenye poda, anacheza huku anamwangalia mtu mmoja tu. Mama yangu akatoka akamfuta. Wamama wa kanisa wakatoka. Mama Kevin amekaa.

Mstari wa kofia ukawa unakaribia. Nikaona anainamisha sikio, kama mwalimu anayetafuta nani anaongea darasani.

"Mamii," akaniambia, "hawa wanaimba nini? Hiyo English yao inanishinda."

Nilimwangalia Baba, alikuwa mbali anaruka. Nilitaka kusema kweli, na ilikuwepo kweli moja ndogo ambayo ningeweza kuibeba.

"Ni bibi arusi, mama," nikasema. "Amevaa nyeupe. Anamngoja bwana wake."

Mama Kevin akageuka, akamtazama kijana wake aliyesimama pale mbele, tai imempinda.

"Sasa anangoja nini, na Kevin si huyo amefika?"

Akafungua mkoba. Akatoa leso iliyopigwa pasi, bado na mikunjo yake, akatembea hadi katikati ya msafara, na palepale fidla iliporuka juu kwa ajili ya mtu aliyezama, akamfuta Tantine Neema uso mzima, taratibu, kama mtoto aliyetoka kuoga. Tantine alilia. Watu walishangilia. Mimi sikujua nishike lipi.

Tuliporudi Louisville, Papa Den alikuja kula mabaki ya pilau, na kwa mara ya kwanza nilimuuliza kitu bila kutumwa na mtu. Kwa nini wimbo wa kifo unachezwa hivyo? Nikamsimulia yote, na leso. Alicheka mpaka akakohoa, halafu macho yakamjaa maji. Akasema kwao bibi yake aliuimba harusini na matangani pia, na yeye hakuwahi kuuliza. Hata leo sijui kama alikuwa bado anacheka.

Siku hizi kila mtu ana wimbo wake. Josué akicheka peke yake kwenye kiti cha nyuma, huwezi kujua amesikia nini. Barua za shule Baba anasoma mwenyewe. Alisoma Kiingereza kwenye madarasa ya kanisa, sasa hata watu wa umeme wakipiga simu anabishana nao bila mimi, na ninapaswa kufurahi.

Wiki iliyopita alinipeleka shule na ile CD ya zamani. Wimbo ukafika ufukweni, msichana, nguo nyeupe. Nikangoja aniulize, kama zamani, "Espe, anaimba nini?" Hakuniuliza. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe, ukapunguza sauti kidogo, ukarudi kwenye usukani. Nikaangalia chini, mguu wake wa kushoto, ule aliosema hausikii Kiingereza, uliokuwa unagonga sakafu kutoka Louisville mpaka Columbus.

Ulikuwa umetulia, unasikiliza.