Kura za Watoto Walionipa Shikamoo

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki huko Sengerema, na baba zangu wadogo wakagawana ng'ombe kabla matanga hayajaisha. Nilikuwa darasa la tatu. Mama alirudi kwao, shule ikaishia hapo. Nilivuka kwa kivuko kuja upande wa Mwanza na mtu mmoja wa kijijini aliyekuwa anapeleka kuku sokoni. Nilimbebea tenga, yeye akanilipia nauli. Hakuna aliyenifukuza nyumbani na hakuna aliyenizuia kuondoka.

Ya hapo katikati nitayasema haraka. Nilivunja mawe. Mwanza mawe hayaishi. Unakusanya matairi mabovu, unayachoma juu ya jabali mpaka lipasuke, halafu unakaa chini na nyundo unaponda kipande kwa kipande mpaka iwe kokoto. Nilifanya hivyo mpaka nikaoa. Baadaye nikaacha kuponda, nikawa nanunua kwa wanaoponda na kuwauzia wajenzi. Nikapata lori bovu, nikalifufua. Nikajenga vyumba vya kupangisha Igoma wakati Igoma bado ni mashamba ya mihogo. Kusoma nilijifunza ukubwani, madarasa ya jioni ya watu wazima, na mtihani wa darasa la saba niliufanya nikiwa baba wa watoto wanne. Sikumpigia mtu magoti. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu haki ninayo.

Nilipofika miaka hamsini na saba nilijiunga na chuo. Ni chuo kidogo cha ufundi kandokando ya barabara ya Musoma: majengo manne, bwalo la chakula, na mlingoti wa bendera. Wanasoma ushoni, useremala, kompyuta, umeme wa majumbani. Mimi nilichukua umeme. Watu walisema mzee anatafuta ujana. Uongo. Mafundi umeme walikuwa wamenichezea vya kutosha. Mpangaji analalamika taa, fundi anakuja, anafungua kiboksi, anakunja uso, anasema, "Mzee, hapa pana kazi." Kila mara pana kazi. Nikasema, basi nitaijua hiyo kazi mwenyewe.

Darasani nilikuwa mkubwa kuliko walimu wote. Mwalimu akiingia ananipa shikamoo kwanza, halafu ndipo anaanza kutufokea. Wanafunzi wenzangu walikuwa na umri wa wajukuu zangu wa kwanza. Waliniita mzee, wengine baba, na wakorofi wachache waliniita Rais Kokoto hata kabla sijagombea. Sikujali. Kokoto ndiyo iliyonilipia ada.

Sasa nieleze kwa nini niligombea. Lilibandikwa tangazo kwamba serikali ya wanafunzi inafanya uchaguzi, na kwamba rais atakayechaguliwa ataingia kwenye bodi ya chuo. Hapo ndipo niliposimama. Bodi hukaa katika chumba chenye meza ndefu, karibu na ofisi ya mkuu wa chuo. Meza ile naijua. Chuo kilipokuwa kinaongezewa majengo, niliyeuza kokoto ya msingi ni mimi. Siku niliyoitwa kuja kupatana bei, wakubwa wale walikuwa kwenye kikao, nikaambiwa nisubiri nje. Jua lilikuwa kali. Walipomaliza walitoka wakicheka, wakaenda kula, mmoja akageuka akaniambia, "Wewe wa mawe, njoo kesho." Nilikwenda kesho yake, biashara ikafanyika. Lakini meza nilikuwa nimeshaiona mlango ulipofunguliwa.

Nilitaka kukaa kwenye ile meza. Wengine watakwambia waligombea ili wawatumikie wenzao. Mimi nilitaka kiti. Na nilimwambia mke wangu kwamba watoto hawa wakininyima hicho kiti, chuo naacha, maana sitaweza kukaa darasani na watu walioniangusha.

Mke wangu akasema, "Si ulikwenda kusomea taa?"

Wagombea tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa binti wa kompyuta, Mhaya kutoka Bukoba, wazazi wake wote walimu. Mwembamba, miwani, sauti ya chini. Nilipomwona kwenye orodha nilimhurumia.

Kampeni yangu iliongozwa na mama mmoja wa darasa la ushoni, Mkerewe, mwanamke wa makamo aliyekuwa muuza chakula kabla ya kuja chuoni. Yeye na mimi ndio pekee tuliokuwa na mvi, kwa hiyo tulikuwa tunakaa benchi moja wakati wa chai. Aliniita kaka. Siku ya kwanza alinipa ushauri mmoja tu.

"Kaka, wagombea wanapiga magoti. Umeona hata wale wakubwa kwenye televisheni. Mtu anafika jukwaani, anapiga magoti, anaomba."

"Mimi siombi mtoto kwa magoti."

"Goti moja basi."

"Nimekaa chini miaka mingi naponda mawe. Ilitosha."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa khanga. "Haya. Utaomba umesimama kama mlingoti."

Nilifanya kampeni jinsi ninavyofanya biashara. Sikubandika picha nyingi. Nilimfuata mtu mmoja mmoja, bwenini, karakana, bombani, nikamtazama usoni, nikamwuliza: kura yako naipata au siipati? Katika kazi yangu, mtu akikupa neno uso kwa uso, limekwisha. Lori linapakiwa kwa neno. Na wote walinijibu vizuri. "Yako hiyo, mzee." "Wewe baba yetu, tukunyime vipi?" Kijana mmoja wa useremala, mrefu, mwenye kofia nyekundu, aliniambia, "Mzee, wewe ulale tu. Ukiamka ni rais." Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Nilimaliza chuo kizima bila kusikia hapana.

Nilimweleza yule mama kwenye benchi la chai. Hakufurahi.

"Kaka, hawa wanakuitikia. Kuitikia siyo kukubali."

"Wamenipa neno."

"Watakupa nini kingine? Mtu wa umri wako anasimama mlangoni kwa mtoto, mtoto kavaa taulo, ana mswaki mdomoni. Atasema nini? Hata mimi ningesema ndiyo nikapige mswaki."

Nilimwona ni mwanamke mwenye wasiwasi. Siku mbili kabla ya kura nilishusha ng'ombe chuoni, dume jeusi kutoka zizi langu la Kigongo, nikamfunga nyuma ya jiko. Kwetu mtu hasubiri kualikwa kwenye sherehe yake mwenyewe. Wanafunzi walijaa kumtazama. Wengine walimpigia makofi. Yule mama alikuja, akamzunguka ng'ombe mara moja, akasema, "Kaka, unaleta mahari kabla hujamwona bibi harusi?"

Siku ya kutangaza sera tulikutana bwaloni. Chuo kizima kilikuwepo, na mlezi wa wanafunzi, mwalimu mmoja mpole aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi, alikaa katikati. Nilisema mimi kwanza. Nilisema nimetoka wapi, nimejenga nini, nimeajiri wangapi. Nilisema mkinichagua, wakubwa wa bodi watanisikiliza, kwa sababu mimi siogopi mtu mwenye tai. Nilisimama wima. Walinishangilia sana, wakapiga meza, wakaimba "Kokoto! Kokoto!" Nikakaa.

Binti akaingia mbele. Kabla hajakwenda kwenye kipaza sauti, alikuja mpaka kwenye kiti changu, akapiga magoti yote mawili sakafuni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mimi moyoni nikasema, imekwisha. Mgombea kampigia magoti mgombea mwenzake mbele ya wapiga kura wote. Kwenye akili yangu nilikuwa nimeshaingia kwenye kile chumba.

Akainuka, akapangusa vumbi kwenye sketi, akaenda kusema. Sauti ile ile ya chini. Alisema mambo ya maji bwenini na saa za kompyuta, sikuyafuata. Halafu akanigeukia.

"Huyu ni baba yangu. Nimemsalimia kwa magoti, na nikikutana naye barabarani nikiwa bibi kizee nitamsalimia hivyo hivyo. Nina swali moja kwenu. Kuna mtu hapa ndani amewahi kumwambia mzee wetu hapana? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha.

"Kuna mtu anayeweza?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Labda mwalimu," na mlezi wa wanafunzi akatikisa kichwa haraka kwamba hapana, naye hawezi. Watu wakacheka.

"Rais akikosea, mtamwambia vipi?" akauliza binti. "Asanteni."

Mimi nilidhani ananisifu. Nilisimama, nikavua kofia, nikawapungia mkono. Walipiga makofi, na mimi nikapokea yale makofi yote. Yule mama wa ushoni alikuwa ameweka kichwa juu ya meza. Nilidhani amechoka.

Kura zilipigwa Ijumaa, kwa siri, kwenye sanduku la mbao walilotengeneza wanafunzi wa useremala. Zilihesabiwa pale pale bwaloni mbele ya kila mtu. Mlezi alikuwa anafungua karatasi na kusoma: binti, binti, binti, mzee, binti. Mwanzoni nilifikiri zangu ziko chini ya sanduku. Kisha sanduku likapinduliwa, likagongwa kitako, na hakukutoka kitu. Zangu zilikuwa fungu dogo ambalo angeweza kulifunika kwa kiganja.

Hakuna aliyeshangilia. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akishinda watu washangilie. Wao walitazama chini, binti mwenyewe ametazama chini, kama watoto waliovunja chungu. Nilimtafuta yule kijana wa kofia nyekundu. Alikuwa amevua kofia.

Nikamwita. "Wewe. Ulinipa neno au hukunipa?"

"Nilikupa, mzee."

"Na kura?"

Akajikuna shingo. "Mzee, neno nilikupa kwa heshima."

Nilichukua fimbo yangu niondoke. Nilikuwa nimefika mlangoni mpishi wa chuo aliposema, taratibu, "Mzee, na ng'ombe?"

Bwalo zima likaniangalia. Wapo waliotegemea nitamfungua niondoke naye, najua. Nikawaambia, "Ng'ombe niliyemleta ni wa rais. Rais amepatikana. Chinjeni." Hapo ndipo waliposhangilia. Wakakimbilia nyuma ya jiko.

Sikuondoka. Mtu haondoki ng'ombe wake akichinjwa. Nilikaa kwenye benchi la chai na yule mama, ambaye hakusema, "Si nilikuambia?" Alisema tu, "Kura moja ni yangu, kaka. Nyingine sijui za nani." Nyama ilipoiva, binti alikuja na sahani, ini na mbavu, akapiga magoti tena akanikabidhi. Nikaona ni wakati mzuri wa kuzungumza.

"Sasa, mwanangu. Nipe uwaziri. Wa chakula, wa ujenzi, wowote."

"Hapana, baba."

Nilidhani sijasikia. "Unasemaje?"

"Nimesema hapana. Ukichelewa kikao, mimi nitakuita? Ukikosea hesabu, nani atakukagua?"

"Unanikatalia huku umepiga magoti?"

"Magoti ni yako, baba. Wizara ni ya chuo."

Yule mama alipaliwa na nyama, tukampiga mgongoni. Mimi nilimtazama yule binti. Macho yake hayakuondoka usoni pangu. Toka nianze kampeni, huyu ndiye mtu wa kwanza chuoni kunipa jibu ninaloweza kulipakia kwenye lori. Nikamwambia ainuke, akale.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Unaacha chuo?" Jumatatu nilikwenda. Ng'ombe walikuwa wameshamla, aibu walikuwa wameshaiona, sikuwa na kitu kilichobaki cha kuficha. Na siku hiyo tulikuwa tunafundishwa kufunga taa moja yenye swichi mbili, ya chini ya ngazi na ya juu, jambo ambalo fundi mmoja aliwahi kuniambia haliwezekani kwenye nyumba yangu. Yule wa kofia nyekundu alinipa shikamoo mlangoni. Nikaitikia. Tangu siku hiyo, nikimwomba mtu jambo pale chuoni, nilikuwa namwambia kabisa: sema hapana ukitaka, sitakufa. Wachache walijaribu. Walijaribu kwa woga, kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu. Nikajaribu na kwangu pia. Nilimwuliza msimamizi wangu wa lori, miaka mingi yuko nami, kama anaweza kunikatalia jambo.

"Ndiyo, mzee," akajibu.

Nikamwacha.

Binti alikaa kwenye bodi mwaka mzima. Alipotoka kikao cha kwanza nilimngoja nje, chini ya mlingoti. Nikamwuliza wakubwa wale wanakunywa nini mle ndani.

"Maji tu, baba."

"Wanakusikiliza?"

"Leo hawakunisikiliza. Nimewaambia nitarudi na hoja ile ile."

Na alirudi nayo. Maji yakavutwa bwenini kabla ya mvua za vuli. Mimi kwenye ile meza sijakaa mpaka leo, na sasa chuo nimemaliza, kwa hiyo sitakaa. Imekuwa hivyo.

Leo ninamiliki vyumba kumi na vinne vya kupangisha Igoma, vyote nyaya zake nimezipitia mwenyewe. Malori mawili, moja linatembea. Zizi la Kigongo lenye ng'ombe na mbuzi. Eneo la mawe lenye hati. Nyumba ninayoishi na mke wangu, ina ngazi. Cheti cha umeme wa majumbani, daraja la pili. Ngazi ya alumini, koleo tatu, bisibisi ya kupimia umeme. Shamba la mpunga ng'ambo, Sengerema, nililolinunua kwa watoto wa baba yangu mdogo.