Jiwe Nililolitoa Kwenye Hame

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo nimeibeba hadi leo, mwanangu. Nakupa wewe kwa sababu umeniambia likizo hii mnapanda basi kwenda Rwanda kuona makumbusho ya watu waliouawa. Sikukatazi. Mimi niliyeacha shule darasa la tano ili nikaone kilichoko nyuma ya milima, nitamkatazaje mtu safari? Kaa tu unisikilize kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Niliamka nyumbani Nyarero, kule Tarime kwenye vilima vya mawe, nikanywa uji, nikatoka. Sikuaga, maana sikujua nakwenda wapi. Barabarani nikapata lori lililokuwa likifuata pamba. Dereva akauliza naelekea wapi, nikamjibu, "Unakoelekea wewe." Akacheka, akanipandisha. Lilipoharibika upande wa Serengeti sikungoja litengenezwe. Nikashika njia ya miguu ya kwenda kijiji cha Mbalibali.

Njiani nilipita mahame mengi. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha watu kutoka miji yao ya zamani, kila ukoo na boma lake, na kuwapanga kwa mistari vijijini, kwa hiyo kila mahali uliona ua wa minyaa usio na nyumba, mafiga yasiyo na chungu. Sisi vijana tulizoea kuingia humo na kuokota tulichotaka: mlango, jembe bovu, kibuyu. Hakuna aliyeita huo wizi. Wenyewe walikuwa hai huko kijijini, na kama wangekihitaji wangekibeba.

Basi nikaingia kwenye hame moja lililokuwa mbali na mengine. Nyasi zilifika kiunoni, lakini katikati palikuwa pamefyekwa, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Palikuwa na jiwe kubwa la kusagia ulezi, na juu yake lile dogo linaloshikwa mkononi, safi kana kwamba mtu ametoka kuliosha. Lilikuwa na vibonyeo viwili vilivyochimbwa na vidole vya mwanamke kwa miaka mingi. Nikaona litafaa kunolea kisu. Nikalikalia lile kubwa, nikala kiazi changu, nikaondoka na dogo.

Kijijini mgeni alitakiwa kujitambulisha kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi huyo, Mzee Marwa, alikuwa mtu wa mzaha. Aliniuliza kwetu ni wapi, kisha akaliona jiwe kwapani.

"Mtu wa Tarime anatembea na jiwe! Yale ya kwenu yamekwisha, sasa mmekuja kubeba ya kwetu?"

Tukacheka sote. Akanipeleka kwa Bibi Bhoke, mjane aliyekuwa na chumba kitupu, nipate pa kulala. Nikasema shikamoo. Alitaka kuitikia, macho yakaangukia jiwe, marahaba ikamkatikia mdomoni.

"Hilo umelitoa wapi?"

Nikamweleza. Mzee Marwa aliacha kucheka. Ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hame lile halikuachwa kwa operesheni. Zamani, Bhoke akiwa msichana, wavamizi waliingia alfajiri wakaua mji mzima, wakubwa kwa watoto. Yeye alipona kwa kuwa alikuwa mtoni kuchota maji. Waliouawa walizikwa ndani ya zizi, boma likaoza, na alama iliyobaki ni lile jiwe ambalo mama yake alikuwa amelishika asubuhi ile. Kila mavuno Bibi Bhoke alipafyeka na kusaga pale konzi ya kwanza ya ulezi mpya.

"Nisamehe, bibi," nikasema. "Sikujua."

"Naona hukujua. Uliuliza?"

"Hapakuwa na mtu wa kumwuliza."

"Walikuwepo," akasema.

Mwanangu, mimi niliyekuwa nikimwuliza kila mtu kila kitu, hame lile nililiingia bila kuuliza. Nikamnyooshea jiwe. Hakulipokea.

"Umelitoa wewe, utalirudisha wewe. Likirudi, chumba kipo. Lisiporudi, tafuta pengine."

Tukaondoka jua likiwa limeanza kushuka, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na jiwe ambalo sasa lilikuwa zito. Nilipotaka kukatiza nyasini kama mwanzo, akanishika mkono.

"Huko ni nyuma ya nyumba ya baba. Mgeni hupita langoni."

Akanionyesha lango mahali ambapo mimi niliona majani tu, akaniambia nipige hodi. Niliona aibu, lakini nikapiga. Nikataja jina langu, la baba, la babu, na ukoo wetu, kama mtu wa kwetu anavyofanya akifika mji asikojulikana. Bibi Bhoke akaitikia kwa niaba yao: "Karibu."

Nikaliweka jiwe. Akaligeuza kidogo, vibonyeo vikaelekea upande aliokuwa akikaa mama yake.

Nikamwuliza waliuawaje, udadisi ulikuwa haujanitoka. Akaniangalia.

"Hilo kila mtu hapa atakusimulia. Mimi niulize walikuwa nani."

Basi nikauliza. Akanitajia mmoja mmoja: kaka aliyeogopa vyura, shangazi ambaye pombe yake ilivuta wanaume kutoka mbali, na mama yake, aliyeimba vibaya wakati wa kusaga hadi baba akakimbilia machungani. Tulicheka pale pale, katikati ya nyasi. Tuliporudi alinipa ugali wa ulezi na maziwa, akanionyesha kitanda, na hapo ndipo aliponiitikia shikamoo yangu. "Marahaba, mjukuu."

Huko uendako, mwanangu, usidhani mahali penye kimya hapana wenyewe. Ingia taratibu, kama mtu aliyepiga hodi. Simu ikae mfukoni mpaka uambiwe. Watakutajia idadi ya waliokufa. Isikilize, lakini usirudi nayo peke yake. Tafuta jina hata moja, umwulize anayepatunza mahali hapo mwenye jina hilo alipenda nini, akitaka kukujibu. Asipotaka, nyamaza naye. Na usiokote kitu, hata kijiwe cha njiani.

Nenda basi. Mungu akutangulie, wenye mji waitikie hodi yako, na giza likukute ndani ya nyumba iliyokupokea kwa moyo mmoja.